Usukani Kuzunguka Si Gari Kuongozwa

Gari likikata moto barabarani hapa kwetu, maswali huwa mawili. Nani ana kamba? Usukani unazunguka? Majibu yakipatikana, gia inawekwa huru, mtu mmoja anaambiwa aingie akae nyuma ya usukani, na msafara unaondoka. Usukani ukiwa umejifunga, anatafutwa fundi akitoe kile chuma kinachoushika, na mara nyingi anakitoa moja kwa moja ili kisisumbue siku nyingine. Desturi hii utaikuta Dar es Salaam na utaikuta Nairobi, na haijadiliwi tena, inarithishwa. Ninaipinga kuanzia mzizi wake, yaani imani kwamba loki ya usukani ndiyo kitu pekee kinachosimama kati ya gari bovu na gereji.

Wanachosema

Hoja ya wanaoitetea desturi hii, nikiieleza kama wanavyoieleza wenyewe, ina nguvu. Gari limekufa usiku kati ya Chalinze na Morogoro. Bredauni iko mbali, na ikifika itataka fedha ambazo mwenye gari hana mfukoni. Kuliacha gari hapo ni kulikabidhi kwa watakaong'oa taa, betri na vioo vya pembeni kabla ya alfajiri. Linapita lori, dereva wake ana huruma na ana kamba. Magurudumu ni mazima. Kinachozuia ni kipande cha chuma kisichozidi kidole, kilichowekwa kiwandani kwa ajili ya wezi. Na wezi wenyewe, wanasema, hukivunja kwa kuuzungusha usukani kwa nguvu, kwa hiyo anayezuiwa hasa ni mwenye mali. Basi fundi akitoe, gari livutwe, na likiharibika tena mwakani litavutwa bila usumbufu.

Sina ugomvi na hofu ya kulala porini, wala sina ugomvi na mfuko mtupu. Ninachokataa ni hitimisho. Kila kilichotajwa hapo ni sababu ya kutaka gari liondoke. Hakuna hata kimoja kinachoonyesha kwamba gari hilo, likiondoka, litakuwa mikononi mwa mtu.

Kwanza: kwamba usukani ukifunguka, gari liko tayari

Tuanze na chuma chenyewe. Karibu na swichi ya ufunguo kuna pini yenye springi. Ufunguo ukirudishwa kwenye LOCK na kuchomolewa, pini inaachiwa. Usukani ukizunguka kidogo, inaingia kwenye tundu la mhimili na kuukamata. Ufunguo ukipelekwa ACC au ON, pini inarudi nyuma. Usukani unaokataa kufunguka mara nyingi si mbovu hata kidogo. Magurudumu yameubana mhimili dhidi ya pini, na dawa yake ni kuutikisa usukani kushoto na kulia huku ufunguo ukizungushwa taratibu. Vitabu vya magari vinaeleza hivyo kwa mistari michache. Kazi hiyo haihitaji fundi, sembuse nyundo.

Kwenye baadhi ya magari ya kuwashwa kwa kitufe, pini hiyo huendeshwa na mota ndogo ya umeme. Betri ikifa kabisa, mota haipati nguvu na usukani unabaki umefungwa. Hapo nako jibu ni kubusti betri kwanza, kisha kulipa gari umeme mpaka loki iachie. Anayekimbilia kuvunja amekosa tu subira ya kutafuta waya za kubustia.

Lakini tuseme usukani umefunguka salama. Gari limepata nini? Limepata uwezo wa kugeuza magurudumu ya mbele, basi. Injini imezimwa, na injini ndiyo inayotengeneza ule mvuto wa hewa unaoisaidia busta ya breki. Injini ikishazimwa, busta inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Breki bado zipo, ila zinadai nguvu ya mguu ambayo dereva hajawahi kuitumia maishani, na anaigundua haja hiyo wakati lori la mbele limeshafunga breki. Msaada wa usukani nao umeondoka, kwa kuwa pampu yake ilizungushwa na injini hiyo hiyo, au mota yake ya umeme inategemea betri ambayo pengine ndiyo iliyokufa. Usukani unaosemekana uko huru ni mzito kuliko ulivyowahi kuwa.

Na gia iko huru, maana bila hivyo gari halivutiki. Hapa wenzetu wanajipinga wenyewe. Dereva yeyote aliyefundishwa vizuri anajua kwamba mteremko haushukwi gia ikiwa huru, kwa sababu injini ndiyo inayoshikilia mwendo na kuziokoa breki zisiungue. Kenya imelia sana juu ya kipande cha barabara cha Salgaa, ambako malori yaliyoteremka gia zikiwa huru yamelaumiwa kwa ajali nyingi. Sisi tunaopita mteremko wa Kitonga tunajua kushuka pale kunavyotaka gia nzito. Lakini gari linalovutwa kwa kamba liko kwenye hali ile ile tunayoikemea, tena likiwa na breki dhaifu na usukani mzito, na watu wale wale wanaoikemea wanalisindikiza kwa kupiga makofi.

Kisha kuna giaboksi, ambayo haionekani na kwa hiyo haitajwi. Magari mengi tunayoagiza Japani ni ya gia otomatiki. Ndani ya giaboksi ya namna hiyo, pampu inayosambaza oili inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imesimama. Magurudumu yakiburuzwa, vyuma vya ndani vinazunguka vikiwa havipati oili inavyotakiwa. Ndiyo maana vitabu vya magari kadhaa ya Toyota vinaruhusu kuvuta kwa kamba wakati wa dharura tu, kwenye barabara ngumu, kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa na umbali usiozidi kilomita 80, akiwepo dereva ndani wa kushika usukani na breki, na ufunguo usizimwe. Kwa magari yao yenye magurudumu manne yanayosukuma, Subaru wanataka gari lipakiwe juu ya bredauni, magurudumu yote yakiwa hewani. Magari ya haibridi yana hatari ya pekee: magurudumu ya mbele yakizunguka yanazungusha mota, na mota inazalisha umeme hata kama gari limezimwa. Kitabu kinaonya kwamba hilo linaweza kuharibu gari na hata kuwasha moto. Hakuna hata moja kati ya haya linalobadilika kwa usukani kufunguliwa.

Pili: kwamba yeyote anaweza kushika usukani

Kwa kuwa wanaamini kazi imekwisha loki ilipoachia, wanaona kiti cha nyuma ya usukani ni mahali pa kumweka asiye na kazi nyingine: utingo, mdogo wa mwenye gari, kijana aliyekuja kusukuma. Kumbe huyo ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Ni yeye anayepaswa kuiweka kamba imenyooka muda wote kwa kugusa breki kabla ya mwenzake, kwa sababu kamba ikilegea kisha ikakazika ghafla inakatika au inang'oa ilipofungwa. Ni yeye anayepaswa kusimamisha tani nzima ya chuma isimkumbe aliye mbele, kwa pedali ngumu na kwa umbali wa mita chache. Mbele yake haoni barabara, anaona mgongo wa lori.

Na ni yeye, akiwa hajaelezwa kitu, anayeona taa za dashibodi zinawaka na kuingiwa na huruma ya betri. Anarudisha ufunguo nyuma. Kwenye gari la otomatiki huenda ufunguo ukagoma kwa kuwa gia haiko kwenye P. Kwenye gari la gia za mkono, ulinzi uliopo ni kitufe kidogo, au kule kuusukuma ufunguo ndani kabla ya kuuzungusha, na ufunguo uliochakaa hausumbui sana. Akiuchomoa, gari litaendelea kwenda sawa kwa muda, kwa sababu pini bado haijalipata tundu lake. Kona ya kwanza italipata.

Wanaolijua hilo hulifanya kuwa sababu ya kuitoa loki. Kwangu ni sababu ya kumweka dereva mwenye leseni.

Tatu: kwamba loki itolewe kabisa

Hapa ndipo palipo na madhara makubwa zaidi, kwa sababu kamba huisha siku hiyo hiyo, ila gari lililotolewa loki linabaki hivyo mpaka mwisho wake.

Wanasema haina faida. Historia inasema vingine. Ujerumani Magharibi iliifanya kuwa lazima mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa magari mapya na kwa yale yaliyokuwa tayari barabarani, na wizi wa magari ukashuka kwa namna iliyoonekana wazi. Uingereza ilichukua njia nyepesi: mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliyataka magari mapya tu yawe nayo. Mapya yakapona, wezi wakayaelekea ya zamani. Watafiti wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza waliolinganisha nchi hizo mbili katika miaka ile ya 1970 walitufundisha jambo ambalo kila mwenye gari anapaswa kulijua: mwizi akikuta kizuizi, anahamia kwenye gari la jirani lisilo nacho. Nchini Marekani, General Motors iliziweka kwenye magari yake ya modeli ya 1969, na sheria ya shirikisho dhidi ya wizi wa magari ikaanza kutumika 1970.

Kwa hiyo anayesema wezi huivunja hata hivyo amesema nusu ya habari. Wapo wanaoweza. Lakini kuivunja kunataka nguvu, kelele na muda, na mwizi wa mtaani anaogopa vyote vitatu. Fundi anayeitoa pini ameimaliza sehemu hiyo ya kazi ya mwizi, mchana, na mwenye gari ndiye aliyemlipa.

Mtetezi makini zaidi atasema siku hizi kuna imobilaiza, injini haiwaki bila ufunguo wake, kwa hiyo loki ya usukani imepitwa na wakati. Kwanza, magari mengi ya zamani yaliyojaa barabarani kwetu hayana imobilaiza ya kiwandani. Pili, na hili ndilo linaloibomoa hoja nzima, imobilaiza inalinda injini tu. Haizuii kamba. Gari lililotolewa loki ili livutike kirahisi linavutika kirahisi kwa kila mtu. Mwizi hana haja ya kuliwasha. Akiingia ndani na kuliweka gia huru, analiburuza hadi uani kwake, na wapita njia watadhani wanaona gari bovu likisaidiwa. Chuma kile kidogo ndicho kilichokuwa kikimzuia mtu huyo. Mwenye gari alikitoa kwa lengo lile lile alilonalo mwizi, kisha akawaachia wote wawili matokeo yake. Kama ana bima ndogo, na wengi ndiyo waliyonayo, hatalipwa hata senti kwa gari lililoibwa.

Kuna pia hatari nyingine ambayo mafundi wenyewe hawapendi kuizungumza. Si kila anayetoa loki anaitoa nzima. Wengine huivunja kwa kuupinda usukani, wengine huisaga kichwa na kuacha mabaki ndani. Kipande kilicholegea ndani ya nguzo ya usukani hakina mahali pa kukaa, na kinaweza kujipenyeza kwenye tundu gari likiwa mwendoni, injini ikiwa inawaka, familia ikiwa ndani. Kiwandani loki ilipangwa isiweze kabisa kujifunga wakati gari linaendeshwa. Ukishaivunja, mpango huo umeuvunja pia.

Halafu gari linauzwa. Tangazo linataja rangi, siti na redio. Halitaji kwamba usukani haujifungi. Mnunuzi analiegesha nje ya nyumba yake akiamini limefungwa.

Nne: kwamba hata Marekani wanafanya

Wapo wanaotoa mfano wa Wamarekani wanaosafiri na magari-nyumba, wakiburuza gari dogo nyuma maelfu ya kilomita, magurudumu yote manne yakiwa chini na ndani hakuna mtu. Kama wao wanafungua usukani na kwenda, wanauliza, sisi tunazuiwa na nini?

Mfano ni wa kweli, na ukiutazama vizuri unawageuka. Ni kweli usukani wa gari linaloburuzwa kule lazima uwe huru, kwa sababu magurudumu ya mbele yanapaswa kugeuka yenyewe kufuata kona. Lakini yanafuata kwa kuwa kinacholivuta ni fimbo ya chuma yenye umbo la pembetatu, iliyofungwa sehemu mbili za fremu, ambayo haiwezi kulegea wala kuliacha gari lije mbele. Kamba haielekezi chochote, inavuta tu. Taa za nyuma za gari dogo zinaunganishwa na za gari kubwa. Mara nyingi gari dogo linafungiwa mtambo wake wa breki unaokanyaga pedali pale gari kubwa linapopunguza mwendo.

Na kabla ya hayo yote mwenye gari anasoma kitabu kuona kama giaboksi inaruhusu. Honda CR-V za soko la Marekani zilipendwa sana kwa kazi hiyo hadi modeli ya 2014, nazo zilikuwa na utaratibu wake ulioandikwa: kuwasha injini, kupitisha gia kwa mpangilio maalumu hadi N, kuiacha injini iungurume dakika 3 ili oili ienee, kisha kuzima na kuuacha ufunguo kwenye ACC usukani usijifunge. Mwendo ulikuwa na kikomo, na safari ikizidi saa 8 kwa siku utaratibu ulirudiwa. Modeli ya 2015 ilipokuja na giaboksi ya CVT, ruhusa hiyo ikaondoka, na watu wakaanza kutafuta gari lingine. Hawakusema mbona usukani unazunguka.

Tazama walivyoitendea loki yenyewe. Ufunguo kukaa kwenye ACC siku nzima kunamaliza betri, na hilo linawaudhi kama linavyotuudhi. Wengine wanachomoa fyuzi iliyotajwa kitabuni, wengine wanaweka waya wa kuchaji kutoka gari kubwa. Wanaikabili shida ya betri kama shida ya betri. Pini inabaki mahali pake, na wakifika kambini gari dogo linafungwa usukani kama kawaida.

Tano: kwamba kamba ni nafuu

Nafuu ya nani? Mwenye gari anahesabu fedha ya bredauni aliyookoa jana. Hahesabu giaboksi itakayoanza kuteleza baada ya miezi miwili, kwa sababu hakuna atakayemwambia kwamba iliungua siku ile ya kuburuzwa. Hamhesabu dereva wa bodaboda anayejipenyeza kati ya magari mawili asiione kamba iliyotandazwa gizani. Uingereza imeweka kikomo cha mita 4.5 kati ya magari yaliyofungwa kwa kamba, na ikizidi mita 1.5 lazima ifanywe ionekane. Ujerumani inataka magari yote mawili yawashe hazadi, na gari likiharibikia kwenye barabara kuu ya kasi litoke kwenye njia ya kutokea iliyo karibu. Huko kamba ni ya kuliondoa gari kwenye hatari, nasi tunasafiria nayo mikoa miwili.

Kwa hiyo kwenye lile giza la Chalinze, kamba itumike kwa kazi hiyo: kulifikisha gari mahali penye watu, kituo cha mafuta au kituo cha polisi, polepole. Ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia, ambayo kwenye magari mengi ya Kijapani hukaa buti pamoja na jeki, na wala isifungwe kwenye bampa. Ufunguo ubaki umefunguliwa mpaka magari yasimame. Nyuma ya usukani akae dereva kweli, aliyekwisha kujaribu pedali na kujua ugumu wake kabla ya kuondoka. Mbele kukiwa na mteremko mkali, au gari likiwa haibridi au la magurudumu manne yanayosukuma, kamba ikunjwe na bredauni isubiriwe, hata kama itafika asubuhi.

Mafundi, mnaombwa kila wiki kutoa loki za usukani, na kazi hiyo inalipa haraka. Ikataeni. Swichi iliyochakaa ibadilishwe, ufunguo uliolika uchongwe upya, na gari liondoke gerejini likiwa na ulinzi lililoingia nao. Na wewe unayekwenda kununua gari lililokwisha tumika: kabla ya kutoa fedha, zima injini, chomoa ufunguo, kisha zungusha usukani pande zote mbili. Usipojifunga, mwulize muuzaji loki iko wapi, na ulipe baada ya yeye kuirudisha kwa gharama yake.